JICHO LA MPASUAJI NA HAKI YA MWANAMKE WA SHAMBA

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Pujini, Mkoa wa Kusini Pemba.)

Mgeni afikapo Pujini kwa mara ya kwanza huonyeshwa magofu ya Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15. Husimuliwa habari za mtawala aliyewakamua watu kwa kazi hata jina lake likachukua sifa hiyo, na huelezwa habari za kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wakeze wawili waliooneana wivu wasikutane wakati wa kuteka maji. Lakini sehemu kubwa ya habari za ngome hiyo imo chini ya ardhi. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba hapo hawakutosheka kutazama kuta zilizosimama. Walifukua tabaka baada ya tabaka, polepole, kwa kuchelea kuharibu kile kile walichokuwa wakikitafuta.

Kazi ya daktari mpasuaji aondoaye saratani ya titi inafanana na kazi hiyo, ila yeye ana dhiki zaidi. Mchimbaji wa mambo ya kale aweza kufunga kazi jioni akarudi mwaka ujao. Mpasuaji ana saa moja au mbili, na kitu anachokichimba ni mwili wa binadamu aliye hai. Akikata kidogo mno, atauacha ugonjwa ndani. Akikata kingi mno, atamwondolea mwanamke kiungo ambacho hakikustahili kuondolewa. Tangu zamani amekuwa akiongozwa na vidole vyake na kumbukumbu ya kile alichokiona kabla ya kuanza. Katika miaka ya karibuni sayansi imempa macho mapya yanayoona ndani ya nyama wakati kisu kikiwa mkononi.

Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza macho hayo ni yapi na yanafanyaje kazi, na kisha kuuliza swali linalomhusu kila mtumishi wa wananchi: je, yana faida gani kwa mwanamke wa Pujini, mkulima wa mpunga au wa mwani, ambaye hospitali kubwa kwake ni safari ya kuvuka bahari?

KUTOKA KISU KIKUBWA HADI KISU CHA BUSARA

Saratani ya titi ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine duniani. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo, na watu wapatao 670,000 walikufa kwayo. Katika Tanzania huja ya pili kwa wanawake, nyuma ya saratani ya shingo ya kizazi. Wanaume nao hawakusalimika kabisa, kwani kati ya wagonjwa 100 mmoja hivi, au pungufu yake, huwa mwanamume.

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji ambao haukubakisha kitu. Aliondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani. Hoja yake ilieleweka: saratani ni adui atambaaye kutoka mahali pamoja kwenda pa jirani, kwa hiyo yapasa kumtangulia na kuondoa kila kitu mbele yake. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari wa dunia nzima walifuata njia hiyo. Wanawake wengi walipona. Lakini walibaki na kifua kilichobonyea, bega zito na mkono uliovimba.

Ilichukua muda mrefu kwa desturi hiyo kuhojiwa kwa vipimo badala ya maneno matupu. Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Milan, Italia, waliwagawa wagonjwa kwa kura. Baadhi waliondolewa titi lote, na wengine waliondolewa uvimbe tu pamoja na nyama kidogo iliyouzunguka. Wanawake 1,851 walifuatiliwa katika utafiti wa Fisher, na 701 katika ule wa Veronesi. Baada ya miaka 20, katika taarifa zilizotolewa mwaka 2002, ilidhihirika kwamba walioachiwa titi waliishi muda sawasawa na walioondolewa. Kisu kikubwa hakikuwa kimeongeza uhai.

Lakini ushindi huo ulikuja na masharti mawili. La kwanza ni kwamba mwanamke aliyeachiwa titi ni lazima apate tiba ya mionzi baadaye. Katika utafiti wa Fisher, waliopata mionzi baada ya uvimbe kuondolewa, asilimia 14.3 walirudiwa na ugonjwa katika titi lile lile kwa muda wa miaka 20. Ambao hawakupata mionzi, asilimia 39.2 walirudiwa. La pili ni kwamba uvimbe uondolewe wote, pasibaki hata chembe katika ukingo wa jeraha. Sharti hili la pili ndilo lililozaa haja ya jicho jipya.

UKINGO: MPAKA USIOONEKANA

Saratani haina mpaka uliopigwa rangi. Uvimbe waweza kuwa mgumu kama jiwe katikati, lakini pembeni ukatoa vijizizi vyembamba vinavyopenya kwenye nyama nzima, kama mizizi ya ukoka inavyopenya shambani. Mkulima akiung'oa ukoka kwa juu tu, shamba litapendeza siku ya palizi, na mvua ikinyesha utachipua tena.

Kwa hiyo, baada ya upasuaji, kipande kilichotolewa hupelekwa maabara. Mtaalamu wa patholojia hukipaka wino kwa nje, hukikata vipande vyembamba, na kuvitazama kwa hadubini. Akiona chembe za saratani zimegusa wino, maana yake kisu kilipita katikati ya ugonjwa na sehemu yake imebaki mwilini. Mwaka 2014 vyama vya madaktari wa saratani vya Marekani vilikubaliana juu ya kanuni hiyo: kwa saratani iliyokwisha kupenya katika nyama, inatosha kwamba wino usiguswe na uvimbe, hakuna haja ya kuondoa nyama nene zaidi kwa hofu tu.

Tatizo ni kwamba jibu la hadubini halipatikani siku ile ile. Huchukua siku kadhaa, na mahali penye uhaba wa wataalamu huchukua majuma. Wakati huo jeraha limekwisha kushonwa na mgonjwa yuko nyumbani. Jibu likiwa baya, huitwa tena, hulazwa tena, hupewa nusukaputi tena, na hukatwa tena. Nchini Uingereza, penye hospitali zenye kila kifaa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja katika kila watano walioachiwa titi alirudishwa chumba cha upasuaji.

Mtumishi wa umma hana budi kulitafakari jambo hilo kwa kipimo cha Pemba. Kwa mwanamke anayekaa karibu na hospitali, upasuaji wa pili ni maumivu na huzuni. Kwa mwanamke aliyeacha watoto nyumbani, aliyepanda boti kwa nauli ya kuchangiwa na jamaa, na aliyekwisha kurudi kijijini akidhani kazi imekwisha, barua ya kumwita tena yaweza kuwa ndiyo barua asiyoiitikia. Hapo sentimita moja ya nyama iliyosahauliwa huweza kuamua uhai wake.

MACHO MANNE

Njia zilizobuniwa za kumwonyesha mpasuaji mpaka huo ni nyingi, lakini zaweza kukusanywa katika mafungu manne.

La kwanza ni waya. Uvimbe mdogo usioshikika kwa vidole huonekana katika picha ya eksirei ya titi, iitwayo mamografia. Asubuhi ya upasuaji mtaalamu wa picha hupenyeza waya mwembamba wenye ndoana nchani, mpaka ndoana ikanase mahali pa uvimbe. Mpasuaji huufuata waya huo kama mvuvi aufuataye mshipi wake hadi kwenye samaki. Njia hiyo imetumika tangu miaka ya 1970 na bado inatumika. Kasoro yake ni kwamba waya waweza kusogea, nao huonyesha mahali uvimbe ulipo bila kuonyesha unakoishia. Katika hospitali nyingine waya umeachiwa nafasi mbegu ndogo za chuma, zinazotambuliwa kwa kifaa cha sumaku.

La pili ni eksirei ya kipande kilichotolewa. Mara baada ya kukatwa, na kabla jeraha halijafungwa, kipande hupigwa picha katika mashine ndogo. Daktari hutazama kama uvimbe umo katikati ya kipande au umekaribia ukingo, na akiona umekaribia, huongeza kukata upande huo. Wazo lenyewe ni la zamani. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, na mwaka 1913 mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alikuwa amekwisha kupiga picha matiti 3,000 yaliyoondolewa wagonjwa, akilinganisha picha na kile kilichoonekana chini ya hadubini.

La tatu ni mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, na hapa panastahili kutuliwa kidogo. Walimu wa sayansi wanajua kwamba sikio la binadamu halisikii mlio unaozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ultrasaundi ya titi hutumia mitetemo mamilioni kadhaa kwa sekunde. Mlio huo husukumwa mwilini, hugonga nyama laini, nyama ngumu na maji kwa namna mbalimbali, na mwangwi wake hurudi ukageuzwa kuwa picha. Kanuni ni ile ile ya popo wadogo wala wadudu wanaoruka gizani. (Popo mkubwa wa Pemba, yule wa Kidike, hasemwi hapa, yeye hula matunda na hutegemea macho na pua.) Ultrasaundi haina mionzi ya hatari, na hutoa picha papo hapo, tena hata katika titi la mwanamke kijana, ambalo katika mamografia huonekana jeupe kote na kuuficha uvimbe ulio mweupe vilevile.

Huko Uholanzi madaktari walijaribu kuuweka mkono wa ultrasaundi katika chumba chenyewe cha upasuaji. Wanawake 134 wenye uvimbe ulioshikika kwa vidole waligawanywa mafungu mawili. Katika fungu moja mpasuaji aliongozwa na vidole vyake kama ilivyo desturi. Katika fungu la pili alitazama kwa ultrasaundi kabla ya kukata, wakati wa kukata, na baada ya kipande kutoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika fungu la vidole, asilimia 17 walibakiwa na saratani ukingoni; katika fungu la ultrasaundi, asilimia 3 tu. Aidha, nyama nzima iliyopotezwa ilikuwa kidogo zaidi. Ikumbukwe kwamba hao walikuwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulishikika waziwazi. Vidole vya mabingwa vilikuwa vikiukosea mpaka hata wa kitu kinachoshikika.

La nne ni rangi inayong'aa. Mgonjwa hudungwa dawa ambayo hubaki kimya katika nyama nzima lakini huwaka inapokutana na kemikali zinazotolewa na saratani. Baada ya kuutoa uvimbe, mpasuaji huingiza katika jeraha kifaa chenye taa na kamera, na mahali penye masalio huonekana pakimetameta kwenye kioo. Mwezi Aprili 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo iitwayo Lumisight. Katika utafiti uliotangulia, uliochapishwa mwaka 2023, wagonjwa 357 walitazamwa hivyo baada ya madaktari kudhani wamemaliza kazi, na katika 27 kati yao yalikutwa na kuondolewa masalio ambayo yangeachwa. Dawa hiyo haikosi hatari, kwani baadhi ya watu huweza kupatwa na mzio mkali, na kwa hiyo hutolewa mahali penye vifaa vya kuokoa maisha.

TEZI YA MLINZI NA MKONO WA JEMBE

Kuna kazi nyingine ya jicho la mpasuaji, ambayo kwa mwanamke mkulima huenda ina uzito kuliko zote. Saratani ya titi hupenda kwanza kukimbilia katika tezi za kwapani. Zamani tezi zote ziliondolewa kwa tahadhari. Lakini tezi hizo ndizo mifereji ya kutoa maji mkononi. Zikiondolewa, mkono huweza kuvimba kwa miaka yote iliyobaki, ukawa mzito, ukashindwa kushika jembe, kutwanga au kubeba mtoto. Kwa mwanamke ambaye mkono ndio mtaji wake, hiyo ni adhabu ya pili baada ya ugonjwa.

Katika miaka ya 1990 ilidhihirika kwamba tezi hazishambuliwi ovyo. Ipo moja, au chache, zinazopokea majimaji ya titi kabla ya nyingine, mithili ya mlinzi langoni. Ikiwa mlinzi hajaguswa, waliomo ndani kwa kawaida wako salama na wanaweza kuachwa. Ili kumtambua mlinzi, daktari hudunga katika titi rangi ya buluu au dawa yenye mionzi hafifu, kisha hutazama inakwenda kutua wapi. Sasa ipo pia rangi ya kijani iitwayo indosianini, inayoonekana kwa kamera ya miali isiyoonekana kwa jicho tupu. Lakini rangi ya buluu ya methilini, ambayo ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, nayo hufanya kazi hiyo, na haihitaji kamera yoyote. Inahitaji mpasuaji aliyefundishwa na mtaalamu wa hadubini wa kuithibitisha tezi.

KIFAA KIPI KWA NCHI INAYOJENGA?

Hapa ndipo penye swali la sera, na watumishi wa umma ndio wanaotakiwa kulielewa, kwa sababu wao ndio huandika makisio, hupokea vifaa, na huulizwa na wananchi vimekwenda wapi.

Afrika Mashariki imekwisha kujifunza kwa gharama kwamba mashine peke yake haitibu. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago, iliharibika kabisa, na ikapita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mashine mpya kuanza kazi. Nchini Kenya, serikali iliingia mwaka 2015 katika mpango mkubwa wa kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika. Mashine isiyo na fundi, umeme, vipuri na mtaalamu wa kuisoma ni samani ya bei kubwa.

Kwa kipimo hicho, taa zinazong'aa za mwaka 2024 haziwezi kuwa jambo la kwanza kwa Visiwa. Ultrasaundi ndiyo inayostahili kutazamwa. Si kitu kigeni. Wajawazito wa Pemba wanaifahamu. Mashine moja hutumika wodi ya wazazi asubuhi na chumba cha upasuaji mchana. Hubebeka. Pemba nayo si ile ya zamani: tangu mwaka 2010 inapata umeme wa gridi ya Taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, na Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanzishwa mwaka 2000, inayothibitisha kwamba kazi ya sayansi ya uangalifu yaweza kufanyika kisiwani. Kinachotakiwa zaidi ni kumfundisha mpasuaji kuutumia mwenyewe mkono wa ultrasaundi, na kuongeza wataalamu wa patholojia. Kujitegemea kwa maana yake halisi ni kuanza na kile ambacho wananchi wenyewe wanaweza kukiendesha na kukitengeneza.

Hata hivyo ukweli mwingine hauna budi kusemwa bila kupakwa sukari. Tathmini ya huduma za titi nchini Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba wagonjwa wapatao asilimia 80 hugunduliwa ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Katika hatua hizo uvimbe ni mkubwa, ngozi imekwisha kuguswa, au ugonjwa umefika mapafuni na mifupani. Kwa wengi wa hao swali la ukingo halipo tena. Hakuna jicho la mpasuaji, liwe la sauti au la nuru, linaloweza kumrudishia mwanamke mwaka mmoja alioukaa kimya.

Aidha sharti la mionzi halijaondoka. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Visiwani wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa zama za Wajerumani. Tiba hiyo hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma matatu hadi matano au zaidi. Mwanamke asiye na pa kulala Dar es Salaam, wala wa kumwangalilia watoto, mara nyingi huona ni heri titi lote liondolewe ili arudi nyumbani. Uchaguzi huo waweza kuwa wa busara, na hana wa kumlaumu. Lakini unapofanywa kwa sababu ya nauli na malazi, umekoma kuwa uchaguzi. Kwa hiyo anayepanga bajeti ya kununua jicho la mpasuaji apange pia kitanda cha msafiri.

WAJIBU WA MWALIMU NA MTUMISHI

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo matatu yanayokaririka kwa urahisi. Wagonjwa wasiopungua 60 katika kila 100 wenye saratani iliyopenya wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Na wagonjwa wasiopungua 80 katika kila 100 wamalize tiba yao. Katika malengo hayo hakuna hata moja litakalofikiwa na mpasuaji peke yake. La kwanza ni kazi ya elimu, la pili ni kazi ya utawala, na la tatu ni kazi ya jamii nzima.

Kazi ya elimu ni ya mwalimu. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 huko Tanzania Bara, ambayo iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Kampeni hiyo ilithibitisha kwamba mwananchi akielezwa sababu, hutenda. Dalili za saratani ya titi si somo gumu kuliko zile za malaria: uvimbe mpya ambao mara nyingi hauumi, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu inayoingia ndani ilhali haikuwa hivyo, majimaji ya damu, uvimbe kwapani. Na afundishwe pia kwamba vivimbe vingi si saratani, ili hofu isiwe ndiyo kizuizi. Kutomaumiza mtu si dalili ya usalama. Maumivu huja kwa kuchelewa, na ndiyo maana wengi hudanganyika.

Yapo pia maneno yanayozunguka vibarazani, kwamba kisu huuchokoza ugonjwa, kwamba aliyepelekwa hospitali alirudi maiti. Maneno hayo hayatoki hewani. Wengi waliopelekwa walikuwa wamechelewa, wakafa, na lawama ikakiangukia kisu badala ya kuuangukia ucheleweshaji. Hapa ndipo habari ya jicho la mpasuaji inapokuwa na faida kubwa hata mahali ambapo jicho lenyewe halijafika. Mwanamke aaminiye kwamba kwenda hospitali ni kukatwa titi tu, atauficha uvimbe chini ya kanga yake hata lini. Akielezwa kwamba uvimbe mdogo, ukiwahiwa, waweza kuondolewa peke yake, titi likabaki na mkono ukabaki na nguvu zake, amepewa sababu ya kutoka ndani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu hufichua maradhi pale tu anapoona kuna la kutumainia.

Kazi ya utawala ni ya mtumishi. Siku 60 hupotea kwa mambo madogo madogo: barua ya rufaa isiyotiwa saini, kipande cha nyama kilichokaa kabatini kikingoja boti, jibu lililofika hospitali lakini halikumfikia mgonjwa. Sheha ajue ni nani katika shehia yake aliyeandikiwa rufaa na kama alikwenda. Karani ajue kwamba karatasi iliyo mezani pake ina mwenyewe, na mwenyewe anaumwa. Mkuu wa kazi amruhusu mwalimu wa kike kwenda kupimwa bila kumlazimisha kueleza mbele ya watu anachoumwa.

Kazi ya jamii ni ya wote, na wanaume watangulie. Katika nyumba nyingi safari ya mke kwenda hospitali hungoja ruhusa na nauli ya mume. Mume anayekawia kutoa ruhusa kwa kuona haya, au kwa kutaka kwanza kujaribu dawa hii na ile, anazipunguza siku za mama wa watoto wake. Na mume anayemwacha mke kwa sababu ametoka hospitali akiwa na titi moja anawafundisha wanawake wote wa kijiji kunyamaza.

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma,

Tangu uhuru wa Tanganyika na Mapinduzi ya Zanzibar, maradhi yamehesabiwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui wa Taifa. Saratani ya titi inawatumia maadui hao wote watatu kwa pamoja: ni maradhi yanayojificha kwa msaada wa ujinga na kuua kwa msaada wa umaskini. Sayansi imekwisha kufanya sehemu yake. Imeonyesha kwamba titi laweza kuhifadhiwa, na imempa mpasuaji njia ya kuuona mpaka wa adui kabla hajafunga jeraha.

Sehemu iliyobaki haimo katika chumba cha upasuaji. Imo katika darasa, katika ofisi ya sheha, katika barza na katika kila nyumba. Vifaa vidaiwe, tena vidaiwe kwa akili: ultrasaundi mikononi mwa mpasuaji aliyefundishwa, rangi ya buluu kwa tezi ya mlinzi, mtaalamu wa hadubini wa kutoa jibu kwa wakati, mionzi iliyo karibu, na malazi kwa aliyetoka mbali. Lakini wakati hayo yanadaiwa, mwanamke aliyegusa uvimbe usiku wa leo asingoje mashine. Kesho asubuhi aende kituo cha afya, na asiende peke yake.